Mbongo amwagilia mti wa bangi wa bibi Kanada, mdogo wake yuko jela kwa mti huohuo

Mpenzi msomaji, wiki iliyopita tulicheka pamoja habari za wanaume wanaoficha mshahara kwenye soksi. Wiki hii naomba ukae vizuri kwenye kiti, maana ninayokuletea yananihusu mimi na ukoo wangu, na mpaka naandika hapa sijui kama nicheke au nilie.

Yote yalianza na picha. Mjomba wangu, ambaye ni kaka yake mama, anaishi majuu, katika jimbo la Ontario nchini Kanada. Kila Desemba akipata nauli huja kumwona Bibi, mama yake mzazi. Mwaka 2023 alikuja, na jioni moja tumekaa uwani tunapepeta mchele, akatoa simu yake akaanza kutuonyesha picha za huko. Theluji, sawa. Gari lake, sawa. Mara ikaja picha moja yeye amesimama na mpira wa maji mkononi, na nyuma yake kuna mti wa kijani uliomzidi kimo, umetanda kama mwembe mchanga.

Bibi akavaa miwani. Akasogeza simu, akairudisha nyuma, akaisogeza tena.

"Baba," akamwambia, "huu si ule?"

Mjomba akacheka kicheko cha aibu. "Ndiyo mama, ni ule."

Bwana wee, uwanja mzima ukanyamaza. Maana katika nyumba ile mti ule hautajwi jina. Mdogo wake Mjomba, mtoto wa mwisho wa Bibi, alikutwa mwaka 2019 na miche ya bangi katikati ya mahindi yake. Alisema alitaka apate bati za kuezekea nyumba. Alihukumiwa miaka 30. Aliingia akiwa na miaka 34, na kama hakuna msamaha atatoka akiwa na 64. Bibi hakusoma, lakini hesabu hiyo anaijua kuliko mimi mwenye cheti cha kidato cha nne.

"Na huyo mwenye nao," Bibi akauliza, "hajafungwa?"

Ndipo Mjomba akaanza kusimulia, na mimi nikachukua daftari.

SHERIA YA MITI MINNE

Kabla hatujafika mbali, tuwekane sawa, maana kijiweni watu wanasema ovyo kwamba "Kanada bangi ruksa". Ruksa yenyewe ina mipaka yake.

Kanada iliipiga marufuku bangi mwaka 1923. Mwaka 2001 ikaanza kuruhusu wagonjwa waitumie kwa utaratibu maalumu. Kisha tarehe 17 Oktoba 2018, chini ya serikali ya Justin Trudeau, ikawa nchi ya pili duniani kuihalalisha kwa watu wazima nchi nzima, baada ya Uruguay iliyopitisha sheria yake mwaka 2013. Mtu mzima anaruhusiwa kutembea na gramu 30 za bangi kavu. Nyumbani anaruhusiwa kuotesha miti minne. Ni minne kwa nyumba, siyo kwa kichwa! Mkiishi watu wazima sita chini ya paa moja, miti ni ileile minne. Na jimbo la Quebec limekataa hata huo mmoja. Watu walilipeleka mahakamani, na mwaka 2023 mahakama kuu kuliko zote nchini humo ikasema jimbo lina haki ya kukataa.

Halafu kuna hili lililonichekesha. Muswada ulipoandikwa mwanzo, wakubwa walitaka kila mti usizidi sentimeta 100. Yaani polisi aingie uwani na rula! Kamati ya bunge ikaona huo ni usumbufu, na mwaka 2017 kipengele hicho kikaondolewa. Ndiyo maana mti wa jirani yake Mjomba uliweza kwenda juu bila kumwogopa mtu.

Lakini ole wako uuze. Kuuza bila leseni, au kuotesha nje ya sheria, adhabu yake inaweza kufika miaka 14. Na kwa mgeni ambaye hajawa raia kuna balaa la ziada, kwani kosa la ukubwa huo linaweza kumfukuzisha nchini. Mjomba ana makaratasi ya ukazi, uraia bado. Kumbuka hilo, maana ndilo lililomnyima usingizi.

BIBI WA JIRANI

Jirani yenyewe ni bibi wa kizungu, mjane, muuguzi mstaafu mwenye miaka 71. Mjomba humwita "Mama" kwa adabu zetu, na yeye kashazoea. Ana bustani ya nyanya, maharage, maua ya kila rangi, na sungura wanaomtia wazimu. Vidole vyake vina maumivu ya viungo, na anasema kijiko kidogo cha mafuta aliyochemshia maua ya mti ule humsaidia kulala. Mimi si daktari, nasema alivyosema.

Mwezi Mei mwaka huo 2023 rafiki yake wa kikundi cha bustani alimpa miche minne iliyooteshwa kwa mbegu. Hiyo nayo sheria inaruhusu, mradi miche haijatoa maua. Huko huwezi kupanda nje mapema kama huku kwetu. Baridi ya usiku inaua. Wenyeji wa Ontario wana desturi ya kungoja sikukuu yao ya mwishoni mwa Mei, inayoitwa Victoria Day, ndipo watoe miche nje.

Bibi akachimba mashimo manne makubwa kuliko yanayohitajika, akajaza mboji na samadi ya ng'ombe, akapanda. Wiki ya kwanza sungura wakala mmoja. Hao sungura sijui walilalaje siku ile! Ikabaki mitatu.

Mwezi Juni jua la huko halitaki kuzama. Toronto mwishoni mwa Juni mchana ni zaidi ya saa 15. Mjomba anasema akipita Jumatatu hii na Jumatatu inayofuata, mti ulikuwa umeongeza shubiri nzima. Bibi alikata ncha ya juu ili utoe matawi ya pembeni, kama tunavyokata mchicha uchipue. Akazungushia fito na kamba.

Mwishoni mwa Julai akamwita Mjomba kwenye uzio. "Njoo uone," akamwambia, "wawili hawa ni wanaume."

Msomaji, kama hukujua, mti huu una jike na dume kama mpapai. Kwenye vifundo vya matawi dume hutoa vifuko vidogo vinavyoning'inia kama zabibu changa, na jike hutoa nywele nyeupe mbilimbili. Dume akiachwa atamwaga chavua, jike atabeba mbegu, na nguvu yote itaenda kwenye mbegu badala ya maua. Kwa hiyo madume hung'olewa bila huruma. Bibi aliyang'oa yote mawili akayatupa kwenye shimo la mboji. Mjomba anasema siku hiyo alijisikia vibaya kidogo kama mwanamume.

Ukabaki mti mmoja tu. Ukiwa na nafasi yote na samadi yote, ukaanza kutanda kama umelipwa.

AGOSTI, BIBI AANGUKA

Katikati ya Agosti bibi akateleza kwenye ngazi za nyuma akavunjika nyonga. Akalazwa, akafanyiwa upasuaji. Mjomba alipokwenda kumwona na maua na matunda, bibi akamshika mkono. Akadhani anataka kumwachia wosia.

"Nyanya zangu," akasema, "na mti wangu. Nisaidie kumwagilia."

Jamani! Mjomba anasema alitoka pale miguu haina nguvu. Nyanya, sawa. Lakini ule mti? Usiku hakulala. Kila akifumba macho anamwona mdogo wake kwenye nguo za jela. Anawaza, je, mtu akimpiga picha akiwa na mpira wa maji, je, makaratasi yakichelewa, je, akipandishwa ndege kurudishwa Bongo kwa kesi ya bangi, mama yake atabaki na nani? Wanawe wawili wa kiume, wote kwa mmea mmoja!

Kesho yake alikwenda kwenye kituo kinachowashauri wahamiaji bure, akauliza huku anatazama chini, akisema ni "rafiki yake" ndiye mwenye tatizo. Mshauri akamweleza kwamba miti minne kwa nyumba ni halali, mti ni wa bibi na uko kwake, na kumwagilia mti halali siyo kosa. Ila wa tano ni kosa, na kuuza ni kosa. Akamalizia kwa kumwambia, "Mwambie rafiki yako ahesabu vizuri."

Basi Mjomba akahesabu. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, saa 12 na nusu, anafungua lango la bibi, anasimama mbele ya mti, anahesabu kwa Kiswahili na kwa sauti: "Mmoja." Kisha anafungua maji. Jioni akirudi, tena: "Mmoja." Alifanya hivyo siku zote 50 na ushee. Anasema alikuwa anaogopa usije ukazaa mtoto usiku!

MTI UNAOSOMA SAA

Hapa naomba nimshukuru mwalimu wangu wa Jiografia, maana nilimdharau kumbe alikuwa na maana. Alitufundisha kwamba ukiwa mbali na ikweta, mchana wa kiangazi ni mrefu na wa majira ya baridi ni mfupi. Mti wa bangi unaishi kwa saa hiyo. Mchana ukiwa mrefu unaota majani na matawi tu. Usiku unapoanza kurefuka unaambiwa, "Ndugu, baridi inakuja, zaa." Ndipo unapotoa maua.

Kule Ontario kazi hiyo huanza Agosti. Mjomba aliona nywele nyeupe zikizidi kwenye ncha za matawi, zikajikusanya zikawa vichwa, vichwa vikashikana vikawa kama magunzi. Mti ukaacha kwenda juu ukaanza kunenepa. Ulikuwa umefika futi 9. Alipima mwenyewe kwa kipande cha mbao, maana bibi alimpigia simu kutoka hospitali kuulizia urefu kama mama anavyouliza uzito wa mtoto kliniki.

Huku kwetu mambo ni tofauti. Dar es Salaam mchana hauchezi mbali na saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo mti hauna kiangazi kirefu cha kungoja. Aina za nchi za ikweta zimezoea hivyo, na huchukua muda mrefu zaidi kukomaza maua kuliko za wazungu ambazo lazima ziwahi baridi. Na hata jina tulilonalo halikuota hapa. "Bangi" imetoka kwenye lugha za Uajemi na India, ikaja na upepo wa kaskazi na biashara ya Bahari ya Hindi, kama yalivyokuja maneno mengi tunayoyatumia jikoni.

HARUFU NA POLISI

Septemba ikaja harufu. Huko kuna mnyama wa jamii inayofanana na kicheche wetu, akikasirika anamwaga majimaji yanayonuka mtaa mzima unaziba pua. Mti ule nao ulianza hivyohivyo. Harufu inatoka kwenye vinyweleo vya ulimbo vinavyofunika maua. Ukivitazama kwa kioo cha kukuzia utaona kila kinywele kina kichwa cha duara, kama pini. Humo ndimo inamokaa ile dawa inayolewesha, wataalamu wanaiita THC.

Mtu wa nyumba ya tatu akalalamika. Jumamosi moja asubuhi Mjomba yuko uwani, mpira wa maji mkononi, akasikia lango linagongwa. Kugeuka, polisi. Mrefu, bastola kiunoni.

"Nilitaka kukimbia," Mjomba alituambia, "lakini mpira ulikuwa umenizunguka mguu."

Polisi akasalimia. Akauliza nyumba ni ya nani. Mjomba akaeleza, sauti inatetemeka, akaonyesha ujumbe wa bibi kwenye simu. Polisi akazunguka bustani, akatazama nyuma ya nyanya, akatazama kwenye banda la majembe. Akarudi mbele ya mti, akauinamia na kuuinukia.

"Mmoja?" akauliza.

"Mmoja," Mjomba akajibu. "Nahesabu kila siku."

Polisi akacheka. Akamwambia lango lifungwe muda wote kwa sababu ya watoto wa mtaa. Kisha akasema mti ni mzuri, akaenda zake.

Mjomba aliketi chini kwenye majani mabichi, mpira bado unamwaga maji kwenye viatu vyake. Hapo Bibi yangu, aliyekuwa anasikiliza kwa makini, akaacha kupepeta mchele.

"Akaenda zake?" akauliza.

"Akaenda zake, mama."

UKUNGU NA BARIDI

Mwisho wa Septemba bibi wa jirani akarudi nyumbani akitembea na fremu ya chuma. Akawekewa kiti uwani, blanketi magotini, akawa anatoa amri kama mwamuzi wa ndondi. Na kweli wakati wa hatari ulikuwa umefika.

Mtu anadhani mti ukishatoa maua kazi imekwisha. Kumbe ndipo vita inaanza! Vichwa vikinenepa vinashikilia maji. Mvua za vuli zikinyesha siku tatu mfululizo, ukungu wa kijivu unaingia katikati ya ua, na unaozesha kuanzia ndani kwenda nje. Nje unaona uzima, ukifungua ndani ni vumbi la kijivu. Wakulima wa zabibu wanaujua, ni uleule unaooza mashada yao. Na mti mkubwa ndio unaopata shida zaidi, kwa sababu maua manene hayapitishi hewa.

Kila asubuhi baada ya mvua Mjomba alikuwa anatikisa matawi umande udondoke, kisha anatafuta jani moja linalonyauka peke yake katikati ya ua. Hiyo ndiyo dalili. Akiliona, bibi anapaza sauti, "Kata chini zaidi!" Anakata, anatia kwenye mfuko, anafuta mkasi kwa spiriti. Usiku mmoja upepo ukaja na mvua, tawi moja kubwa kuliko yote likapasuka kwenye shina kwa uzito wake. Bibi alilia machozi. Mjomba akasema moyoni, huyu analilia tawi, mama yangu alilia mtoto.

Katika kungoja kuna kamari. Ukivuna mapema, maua hayajakomaa. Ukichelewa, ukungu au baridi ya usiku inakumaliza. Bibi alikuwa anasoma vile vinywele kwa kioo. Vikiwa angavu kama maji, bado. Vikigeuka kama maziwa, tayari. Vikianza kuwa rangi ya asali, usingoje. Na zile nywele nyeupe zilikuwa zimesinyaa na kuwa za kahawia.

Redio ikatangaza baridi kali inakaribia. Jumamosi tarehe 7 Oktoba, wikiendi ya sikukuu yao ya Shukrani, bibi akasema, "Leo." Wakakata tawi kwa tawi mpaka saa 10 jioni. Mikono ya Mjomba ikanata ulimbo mweusi ambao sabuni haiutoi. Akausugua kwa mafuta ya kupikia. Matawi yakaning'inizwa kwenye chumba cha chini ya nyumba, giza, ubaridi, feni inapuliza ukutani siyo kwenye maua. Baada ya siku kama 10 vijiti vikawa vinakatika vikikunjwa. Kilichoingia kama mzigo wa punda kikabaki kama robo ya uzito wake, maana mengine yalikuwa maji tu. Maua makavu yalipata gramu 550, yakatiwa kwenye chupa za kioo zenye vifuniko, zikawa zinafunguliwa kidogo kila siku zipumue.

Gramu 550! Na asiuze hata moja. Nyumbani anaweza kuziweka, barabarani asizidishe 30. Bibi akampa Mjomba chupa moja ya asante. Mjomba akasema, "Mama, nipe nyanya." Akapewa ndoo nzima na chupa mbili za jamu.

Na kabla ya kupanda ndege kuja Bongo, yule koti alilovaa bustanini hakulibeba. Alifua nguo zote mara mbili, akageuza mifuko yote nje, akakung'uta viatu. Kutoka Kanada na hata kipande kimoja ni kosa kwao, na kuingia nacho kwetu ni jela.

TUSIDANGANYANE

Najua kuna vijana watasoma hapa waseme, "Si unaona?" Tulieni kwanza. Kanada yenyewe haimruhusu mtoto. Umri ni miaka 18 katika jimbo la Alberta, 19 Ontario, na 21 Quebec. Ukiendesha gari umelewa bangi unakamatwa kama mlevi wa pombe. Na madaktari wanaonya kwamba anayeanza akiwa kijana na kuvuta kila siku kali anajiongezea hatari ya kuchanganyikiwa akili. Sote tunamjua mmoja mtaani kwetu.

Lakini dunia inasogea, na hilo nalo ni kweli. Lesotho ilianza kutoa leseni za kilimo cha dawa mwaka 2017. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilisema Septemba 2018 kwamba mtu mzima faraghani kwake asiguswe. Malawi ikafuata kwa sheria ya dawa na viwanda mwaka 2020, na jirani zetu Rwanda wakaruhusu kilimo cha kuuza nje kwa ajili ya dawa mwaka 2021. Kwetu, Arumeru na Tarime ni majina tunayoyasikia kila Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya inapofyeka mashamba. Sheria yetu ndiyo hiyo, na mimi sikushawishi uijaribu. Mjomba wangu mdogo aliijaribu.

JUMAPILI YA MAGEREZA

Kabla Mjomba hajaondoka tulikwenda kumwona mdogo wake. Tulipeleka sabuni, sukari, dawa ya meno. Amekonda, nywele zimeanza mvi, lakini kicheko ni kilekile. Askari alikuwa amesimama karibu, kwa hiyo Mjomba akawa anazungumza kwa mafumbo.

"Nilimsaidia jirani kumwagilia mchicha," akasema. "Ule mrefu."

Mjomba mdogo akamtazama. Akaelewa. Nilidhani atakasirika. Akasogea mbele, macho yakawaka kama mtu aliyesikia habari za nyumbani.

"Ulifika wapi?"

"Futi tisa."

"Aah! Samadi?"

"Samadi na mboji. Lakini upepo ulipasua tawi."

"Kaka, fito hazikutosha. Mchicha ule unafungwa mapema, kabla haujaelemewa. Ungeniuliza." Akatikisa kichwa, akafikiri kidogo. "Huko wanavuna mara ngapi?"

"Mara moja tu kwa mwaka. Baridi."

"Masikini," akasema, na kwa kweli aliwahurumia.

Kisha akanyamaza. Akaitazama ile sabuni mkononi.

"Na mwenye mchicha? Yuko wapi sasa?"

"Yuko kwake," Mjomba akasema. "Anapona nyonga."

Mjomba mdogo akaitikia kwa kichwa. "Mungu amponye," akasema. Akamuulizia Bibi, kama miguu bado inamsumbua, na kama paa linavuja. Mjomba akamwambia paa limeezekwa bati mwaka ule, pesa ametuma yeye. Askari akasema muda umekwisha.

Njiani kurudi hakuna aliyezungumza mpaka tulipofika stendi. Bibi alikuwa ametungoja mlangoni. Hakuuliza kama amekonda. Aliuliza swali moja tu, "Mmemwambia kuhusu yule polisi?"

Tukamwambia hapana.

"Vizuri," akasema, akaingia ndani kutuwekea chai.

Tukutane wiki ijayo, msomaji wangu, na Mungu akipenda nitakuletea jambo la kuchekesha.